Vitabu Vinavyofukuza Ndege

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa na matope ya mpunga, kitabu kilisomwa kwa mapafu. Macho yalikuwa na kazi nyingine, kutazama ndege. Ndiyo maana hata leo nikikaa na kitabu barazani kwangu hapa Makwale, majirani watano wanajua nimefika ukurasa wa ngapi, na kuku wangu hawatagi siku ninayosoma riwaya ya majambazi. Mume wangu amezoea. Akitaka kujinyoosha mchana ananiuliza kwanza, kwa upole, "Subilaga, hicho cha leo kina vita?" Nikimwambia kina vita, anakunja mkeka wake na kwenda kulala kule kwenye mikokoa.

Tangu nimalize kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu wanabeba wajukuu mgongoni, nimeshasoma vitabu mia tatu. Mume wangu anasema ni kumi na tisa. Yeye ana wivu, na tena hahesabu vile nilivyorudia. Sasa mwanamke wa kijijini akionekana na kitabu mkononi, na siku yenyewe si Jumapili, lazima aulizwe. Unapenda vya aina gani, mama? Vya mapenzi? Vya safari? Vya ukulima bora? Nawajibu wote jibu moja: napenda vitabu vinavyofukuza ndege. Wanacheka, wanadhani ni utani wa mama anayeanza kuzeeka. Si utani hata kidogo. Hicho ndicho kipimo changu, nilikipata juu ya dungu nikiwa na miaka kumi na miwili. Na kwa sababu ya kitabu kimoja kilichofaulu kipimo hicho, jirani yetu Atupele alikaa zaidi ya miaka thelathini bila ruhusa ya kuwasha moto kwenye jiko la mama mkwe wake. Mwaka huu ndiyo tumelimaliza jambo hilo, na tumelimaliza kwa kusoma.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, mwezi ambao mpunga unatia maziwa ulikuwa mwezi wa watoto. Mvua ya Kyela mnaijua, ile hainyeshi, inamwagwa. Ikikatika, jua linatoka, milima ya ng'ambo ya ziwa inaonekana ya bluu kama imefuliwa jana, na harufu ya mpunga mchanga inapanda kutoka majarubani mpaka unajisikia umeshiba kabla hujala. Ndege nao waliisikia harufu hiyo. Walikuja kwa maelfu, nakwambia, kivuli chao kikipita unadhani jua limezimwa. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kichanja cha miti chenye paa la majani ya migomba, na juu yake mtoto mmoja mwenye kombeo, rundo la udongo uliofinyangwa, na kamba ndefu zilizofungwa makopo. Ndege wakitua unavuta kamba, makopo yanalia, unapiga kelele. Chakula chetu kilikuwa ndizi za jana zilizopoa, na dagaa wa ziwani waliofungwa kwenye jani. Hakuna hoteli iliyowahi kupika kitu kitamu kama ndizi zile baridi.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mtu wa maneno machache na yote yalihusu mpunga. "Nikikuta shuke moja limenyonywa," alisema, "usirudi nyumbani. Kalale na hao ndege wako."

Mwaka ule alipanga kwetu mwalimu mmoja kijana, mgeni kabisa, ambaye alikuwa akisubiri uhamisho. Aliponiona nasoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, akanihurumia. Akanipa kitabu kinene kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, hata jina lake sikulijua. "Kisome, lakini siku nikiondoka naondoka nacho," akasema. Nikakifunga kwenye kitenge cha mama, nikapanda nacho dunguni.

Siku ya kwanza nilisoma kistaarabu, kimya, kama wanavyosoma watu wa mjini. Nikazama. Nilipoinua kichwa, ndege walikuwa wamekaa kwenye mpunga wetu kama waumini kwenye ibada, wanakula kwa utaratibu, na Tata alikuwa anakuja kwenye tuta, panga begani. Kombeo sikulikumbuka. Kamba sikuzikumbuka. Kwa hofu nikapayuka maneno yaliyokuwa mbele ya macho yangu: "NIPISHENI NIPITE! MIMI SIKUCHOMA GHALA LA MTU!" Jamani, ndege waliruka wote kwa mara moja. Hata wa shamba la jirani waliruka. Nadhani na ng'ambo ya mto Songwe kuna walioruka. Tata akasimama, akatazama juu, akatazama kitabu, akasema, "Endelea." Hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia, na hapo ndipo elimu yangu ilipoanza.

Kuanzia siku hiyo makopo yakapata kutu. Nilisoma kwa sauti asubuhi, nikasoma kwa sauti alasiri, na nikaanza kuwajua ndege na tabia zao za usomaji. Maneno ya mapenzi hawayajali, ukiwasomea barua ya mchumba wanasogea karibu. Mashairi wanayapenda, wanayumba nayo juu ya mashuke huku wanakula. Kitabu changu cha jiografia kiliwalaza usingizi. Lakini ukiwasomea ugomvi, mashtaka, watu wanaitana waongo mbele ya hakimu, hakuna ndege mwenye roho ya kubaki. Ndiyo maana mpaka leo, katika hivyo vitabu vyangu mia tatu, vya mahakamani vinashika nafasi ya kwanza, vya majambazi ya pili, vya safari za hatari ya tatu. Vya mapenzi navisoma pia, sikatai, lakini navisomea jikoni. Juzi niliazima kijitabu cha kutunza mikokoa, kizuri, kina picha, nimejifunza kupogolea. Ila kusema kweli kimeandikwa kwa sauti ya mgonjwa. Kisingeweza kumtisha hata nzige.

Sasa nirudi kwenye kitabu chenyewe. Kilikuwa habari ya fundi cherehani mmoja, Salome, aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala la mpunga la baba mkwe wake. Yeye anasema hakuchoma. Mashahidi wanakuja mmoja mmoja wanamkandamiza. Shamba lililopakana na letu, ng'ambo ya mfereji tu, lilikuwa la Mama Ambokile, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye alifukuza ndege mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtoto wa mtu. Siku ya tatu nikamsikia anaita kutoka dungu lake:

"Subi we! Huyo Salome amejibuje?"

"Amesema hakuchoma, mama!"

"Mwongo! Endelea, tumsikie mwongo!"

Basi tukawa mahakama. Mimi nasoma, yeye anahukumu, ndege wanakimbia, mashamba mawili yanapona kwa kitabu kimoja. Ila lilikuwapo jambo moja ambalo mimi kwa utoto wangu sikulipima. Mnajua ndege wa mpunga wana saa zao. Alfajiri wanakuja, alasiri wanakuja, mchana jua likiwaka wanajificha kwenye matete wanapumzika. Na mimi mchana nilipumzisha koo langu. Sikuacha kusoma, nani angeacha? Nilisoma kimya. Kwa hiyo Mama Ambokile alisikia sura za asubuhi na sura za jioni. Sura za mchana hakuzisikia hata moja, na wala hakujua kwamba zipo.

Katikati ya kesi ya Salome, jiko la Mama Ambokile likaungua. Jiko la nyasi, lenye dari, na darini ndiko alikoweka mbegu yake yote ya mpunga wa mwaka unaofuata. Moto ulionekana saa nne asubuhi sisi wote tukiwa mashambani, na tulipofika na ndoo palikuwa na mafiga matatu na majivu. Atupele alikuwa ameolewa na Ambokile, mtoto wa kwanza wa mama huyo, miezi minne tu nyuma. Msichana mpole, anacheka akifunika mdomo. Ndiye aliyepika uji asubuhi ile kabla ya kwenda mtoni. Mama Ambokile hakupiga kelele kama tulivyotegemea. Alimtazama mkwe wake kutoka kichwani hadi miguuni, akasema neno moja tu: "Salome."

Wenzangu, hebu fikirieni. Jina lile lilikuwa limetoka mdomoni mwangu mimi.

Kuna kitu kingine nilichokiona asubuhi ile na sikukitilia maanani. Siku zile kiberiti kilikuwa kitu cha kutunza, na jirani akizimikiwa moto alikuja kwako na kigae cha chungu, unamwekea kaa, anakwenda nalo. Mama Ambokile alikuwa amepita kwetu na kigae chake baada ya Atupele kwenda mtoni, mvua ya usiku ilikuwa imemletea majimaji jikoni na moto wa uji ulikufa. Mama yangu akamwambia, "Kifunike, mama, upepo huu wa ziwani si mzuri." Akajibu, "Ndege hawanisubiri," akaondoka mbio. Mama yangu alilikumbuka hilo baadaye, nina hakika, kwa jinsi alivyokuwa akikaa kimya jambo lilipotajwa. Aliujali ujirani wa mfereji mmoja, akalimeza neno hilo. Mimi sikuunganisha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kichwa changu chote kilikuwa mahakamani kwa Salome.

Wiki ile ile, mchana mmoja wa jua kali, ndege wako kwenye matete, nikafika sura ya tisa. Nikaisoma kimya kama kawaida yangu. Katika sura ya tisa, baba mkwe mwenye ghala anaulizwa maswali na hakimu, anatoka jasho, na mwisho anakiri kwamba siku ile yeye mwenyewe alipita ghalani na kaa la kuwashia kiko, likamdondoka, akalitafuta, hakuliona, akaondoka. Aliona haya kusema. Akaona ni afadhali lawama imkae mtoto wa watu. Niliposoma hapo nilishuka dunguni nikaruka mfereji na matope yangu.

"Mama Ambokile! Salome hakuchoma! Ni mzee mwenyewe!"

Akanitazama. "Nani kasema?"

"Kitabu kimesema. Nimesoma sasa hivi."

"Mbona sijalisikia?"

"Nilisoma kimya, mama."

Akacheka kicheko kimoja kirefu. "Mwana gwangu, mimi nimefuatilia kesi hii tangu mwanzo. Asubuhi nipo, jioni nipo. Jambo kubwa hivyo lingekuwamo kitabuni lingesikika. Atupele amekupa ndizi mbivu ngapi?"

Na kweli Atupele alikuwa amenipa ndizi mbivu siku ile, mbili. Nikasema nitarudia sura hiyo kwa sauti, akasema usinichoshe, soma mbele, tumefika kwenye hukumu. Tukasoma mbele. Na siku hakimu anavaa miwani yake ili aseme, ndiyo siku Tata alisema mpunga umeiva. Kulipokucha tukaingia na visu vya kuvunia, na wiki ile ile uhamisho wa mwalimu ukafika, akaondoka na begi lake, godoro lake na Salome wetu bila hukumu.

Mimi darasa la saba nililimaliza na sikuendelea. Hilo halikuniumiza kama lile jiko. Maana jiko jipya la Mama Ambokile lilijengwa, la tofali, la bati, na sheria ikawekwa: Atupele atachota maji, atapasua kuni, atamenya ndizi, ataosha masufuria, lakini moto wa jiko lile hauwashi. Nyumbani kwake kwa mumewe awashe apendavyo. Kwa mama mkwe, ambako misiba yote na harusi zote za ukoo zilipikiwa, hapana. Kama hakuna mwingine, Mama Ambokile alisimama njiani akaita mpita njia aje awashe. Nimeitwa mimi. Ameitwa mchungaji na Biblia yake kwapani. Aliwahi kuitwa mfanyabiashara aliyetoka Malawi na baiskeli ya vitenge, hajui hata anawashia nani. Na Atupele amesimama pale pale, kuni mikononi, anacheka akifunika mdomo. Alizaa watoto sita. Akawa bibi. Watoto wake wakaruhusiwa kuwasha. Yeye, hapana. Mwingine mwenye mama mkwe kama huyo angekuwa amerudi kwao siku nyingi, yeye hakurudi kwao Katumba Songwe.

Siku moja tunachambua dagaa, akaniambia bila kuniangalia, "Subi, kile kitabu. Kitafute."

"Dada, nitakipata wapi? Hata jina lake silijui."

"Wewe ndiye uliyekileta," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ila nilipotoka pale nilikwenda kujiandikisha masomo ya jioni.

Watu wanadhani nilirudi shule kutafuta cheti. Cheti ninacho, kipo ukutani, mgeni akiingia kwangu anakiona kabla ya kuniona mimi. Lakini nilirudi kwa sababu kule kulikuwa na makabati ya vitabu, na mimi nilikuwa namtafuta Salome. Nilisoma kila kilichokuwamo. Nilisoma majambazi, wafalme, watoto yatima, madaktari, watu waliopotea jangwani. Nilikuwa nafungua kila kitabu kinene katikati natafuta neno ghala. Hivyo ndivyo nilivyofaulu Kiswahili kwa alama zilizomfanya mwalimu mwenyewe ashike shavu. Kwenye mtihani msimamizi alinijia mara tatu: "Mama, soma kimya." Nikamwambia, "Mwanangu, nikisoma kimya yananipotea." Akanihamishia dirishani. Mpera uliokuwa nje haukuwa na ndege hata mmoja mpaka tulipokusanya karatasi.

Salome sikumwona. Nikahitimu, nikala kuku, nikaendelea kusoma, nikamtafuta huku nimeshakata tamaa nusu. Mwaka huu sasa, mpunga unaanza kutia maziwa, nimekwenda sokoni Kyela mjini kutafuta nyavu za kuzuia ndege. Nikanunua karanga kwa mama mmoja, zimefungwa kwenye karatasi kama pembe. Natafuna, natembea, natoa nyingine, macho yangu yanaangukia kwenye karatasi: "Salome alikataa kukaa." Nilisimama katikati ya njia. Mwendesha bodaboda alinitukana tusi ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Nikarudi mbio.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

Akatoa chini ya meza kitabu kisicho na jalada. Alikuwa anachana kurasa kuanzia nyuma. "Unataka karanga au unataka karatasi?"

"Karatasi! Karanga kula mwenyewe!"

Akanipa chote, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Nikafungua hapo hapo. Sura ya tisa ilikuwamo, na pembeni yake lilikuwapo doa la kidole cha matope. Mimi naapa ni kidole changu cha miaka kumi na miwili. Mume wangu anasema kitabu gani cha Kyela kisichokuwa na matope. Mwacheni. Hukumu ndiyo haikuwamo. Hukumu ilikwishafungiwa karanga ikaliwa na watu wa mjini wasiojua walichoshika.

Kesho yake alfajiri nikampitia Atupele, nikamwambia njoo shambani na usiulize. Mama Ambokile siku hizi ni mzee sana, macho yamepungua, lakini msimu wa ndege hakosi. Wajukuu wanamwekea kiti chini ya dungu na anawafokea ndege kwa majina yao. Nikamwamkia, "Mugonile, mama." Akaitikia. Nikavuka mfereji, nikapanda dungu la shamba lao, magoti yanalia, kichanja kinalia, sijui kipi kilikuwa kinalia zaidi.

"Subi, unataka kuvunja mti wa watu?"

"Mama, nimempata Salome."

Akainua uso, akasema, "Hakimu amesemaje?"

"Kwanza kuna sura hukuisikia. Ile niliyoisoma mchana."

"Ile uliyohongwa ndizi?"

"Ndiyo hiyo. Leo nitaisoma kwa sauti, na Atupele yupo hapa, hajanipa kitu."

Nikasoma. Jamani, nilisoma! Sijawahi kusoma vile na sidhani nitasoma tena. Nilisoma na miaka yote ile ya kimya ikatoka kwa mara moja. Ndege wa kwetu waliruka, wa majirani wakaruka, wajukuu wa Mama Ambokile wakatoa visikizio masikioni, watu waliokuwa wanakwenda mashambani wakasimama kwenye tuta na majembe yao. Baba mkwe akaulizwa na hakimu. Akatoka jasho. Nikafika kwenye kaa la moto lililodondoka ghalani, sauti yangu ikapasuka, nikasoma hivyo hivyo imepasuka. Nikamaliza sura. Hakukuwa na ndege hata mmoja hewani.

Mama Ambokile alikuwa ameshika magoti yake. Wajukuu walitaka kusema, nikawanyamazisha kwa mkono.

"Mama yako aliniambia nikifunike," akasema mwisho, polepole, kama anazungumza na matope. "Kile kigae. Aliniambia."

Nikakiweka kitabu magotini.

"Na hukumu?" akauliza.

"Haimo, mama. Kurasa zimechanwa. Hakimu anavaa miwani, basi."

Akatikisa kichwa. Akageuza uso wake kule alikodhani Atupele amesimama, na hakukosea. "Atupele. Nina baridi. Nenda jikoni kwangu kaniwashie moto."

Atupele hakukimbia. Alifungua pindo la kanga yake, na ndani ya fundo lile mlikuwa na kiberiti.

Mama Ambokile akasikia kinavyochezacheza. "Tangu lini unatembea na kiberiti?"

"Tangu mlipojenga jiko jipya, mama."

"Ndaga," akasema yule mzee. "Ndaga fijo, mwanangu." Ni asante, na ni zaidi ya asante, anayekijua Kinyakyusa anajua. Atupele akaenda, anacheka, na safari hii hakufunika mdomo. Sisi tukabaki tunatazama upande wa nyumba, watu wazima na majembe yetu, kama tunasubiri treni. Moshi ulipotoka juu ya bati wale wa kwenye tuta wakapiga vigelegele, na mimi juu ya dungu nikalia huku napunga kitabu, mpaka mti mmoja ukakatika kweli na nikashuka kwa njia ambayo sikuipanga. Nilianguka kwenye tope. Kitabu hakikuguswa na tone.

Siku hizi mashamba yetu yanalindwa na nyavu, na kanda za kung'aa zinazopepea kwenye upepo. Ni vizuri, sikatai, nyavu hazichoki na wala hazihitaji ndizi baridi. Watoto wako shuleni, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Binti yangu wa mwisho anasoma hadithi kwenye simu, amejifunika shuka, anacheka peke yake. Nikimuuliza kuna nini, ananigeuzia kioo nisome mwenyewe. Anasoma haraka kuliko mimi na pengine amesoma vingi kuliko mimi, ingawa hilo nitalikana mbele ya mashahidi. Ila nyumba nzima haijui anasoma nini, jirani wa ng'ambo ya mfereji ndiyo kabisa. Hakuna anayemwuliza, huyo amejibuje? Nakosa kuulizwa kule. Nakosa lile dungu, na Tata kwenye tuta na panga lake begani, na neno lake lile moja.

Juzi jioni nimeanza kitabu kipya, cha mahakamani, kina jalada zuri na kurasa zote, nimezihesabu. Nilipofungua mdomo, kuku wakatawanyika, mume wangu akachukua mkeka wake. Moshi wa Atupele ulikuwa umeshatanda juu ya migomba, kutoka jiko lile la tofali. Nikasikia sauti ya kuita ng'ombe, dhaifu kidogo lakini ni ile ile, inakuja kutoka huko huko kwenye moshi:

"Subi we! Kwa sauti! Na sura za mchana usizile!"